Nesi Akipiga Simu, Mama Mkwe Yuko Pembeni

Admin, ukiweka kisa hiki ficha jina langu, maana ndugu wa mume wangu wengi wako kwenye ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tatu, nina ujauzito wa miezi saba, na ndio wa kwanza. Naishi kwa mama mkwe, pembeni kidogo ya mji wa Njombe. Mume wangu ni fundi wa malori Makambako, anakuja mwisho wa wiki akipata nafasi. Yeye ndiye aliyetaka nikae na mama yake, alisema mimba ya kwanza si ya kulea peke yako.

Ni yeye pia aliyeniandikisha kwenye huduma ya wajawazito ya kwenye simu. Kuna nesi anapiga kila wiki, anauliza nimekula nini, nimelala vipi, miguu imevimba au la, halafu ananielekeza. Mwanzoni niliipenda sana. Alinifundisha kula maharage pamoja na mboga za majani, nipate yai na parachichi, nimeze vidonge vya kuongeza damu, nisinywe chai pamoja na chakula, nipumzike mchana na nisibebe ndoo nzito. Mume wangu akawa anatuma mayai na dagaa kwa basi.

Tumbo lilipoanza kuonekana mambo yakabadilika. Mama mkwe alichukua simu yangu, akasema mionzi inamdhuru mtoto. Nesi akipiga ananiletea, anaweka sauti kubwa, anasimama pembeni. Mayai na dagaa anafungia chumbani kwake, vidonge alivichukua. Mimi napewa kaugali kadogo na chai ya rangi. Nyumba yetu imezungukwa na miparachichi, wanunuzi wakija mimi ndiye nachuma na kubeba ndoo, lakini kula siruhusiwi. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, chakula kizuri kinakuza mtoto. Akikua sana humo tumboni, atatokea wapi? Na kazi ndiyo inayofungua njia."

Angekuwa ananichukia ningejua la kufanya. Mume wangu alikuwa na dada yake, alifariki akijifungua. Mtoto alikuwa mkubwa, naye hakupona. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpikia mimba nzima, na ndiye aliyemwosha alipokufa. Mpaka leo anaamini alimuua kwa sufuria zake mwenyewe. Akinipa chakula ananishika bega, anasema, "Vumilia, ukishajifungua salama nitakuchinjia kuku." Na najua atamchinja kweli.

Kwa hiyo nesi akiuliza, najibu huku mama ananitazama usoni.

"Umekula nini leo?"

"Maharage, mboga na yai."

"Vidonge?"

"Nameza."

"Safi sana, endelea hivyo hivyo." Ananisifu, na mimi hapo kichwa kinazunguka kwa njaa.

Juzi juzi nilidondoka shambani na ndoo ya maparachichi. Kliniki wakapima, damu imeshuka sana. Nesi aliposikia alishangaa, "Mbona unaniambia unakula vizuri?" Mume wangu naye akapiga akiwa na hasira, "Vitu ninavyotuma unampa nani? Mama anasema unakataa kula." Sauti kubwa ilikuwa imewekwa, nikamwambia nitajitahidi kula.

Nina jirani anashona nguo, ndiye huyu aliyenipa simu niandike. Nilimwomba simu hiyo hiyo nikampigia nesi, nikamweleza ukweli wote. Hakunilaumu. Alisema ataongea na mama kwa heshima, na kweli alipiga, nikiwepo. Alimwambia, "Mama, mtoto mkubwa tutamjua mapema na kujipanga hospitali. Lakini mjamzito asiye na damu, akivuja kidogo tu tunaweza kumpoteza."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, "Binti, wewe umeshamwosha mwanao aliyekufa?"

Nesi akasema hapana.

"Mimi nimemwosha wangu. Usipige tena hapa nyumbani."

Akazima simu. Nilidhani atanigeukia mimi, lakini alikaa kizingitini akaanza kulia, na mimi mwenye njaa nikajikuta nambembeleza.

Dada yangu anaishi huko huko Makambako anakofanya kazi mume wangu, ameniandalia chumba. Nesi amesema nikifika kwake tutaendelea kwa simu ya dada, ila nisichelewe, damu yangu ipimwe tena wiki hii. Nilimpigia mume wangu kwa simu ya jirani, nikamweleza yote. Akasema, "Najua mama anakosea. Lakini ukihama, watu watasema mama yangu alimshindisha mjamzito na njaa. Ameshazika mtoto, usimwongezee aibu. Miezi iliyobaki si mingi." Yeye anahesabu miezi, mimi nahesabu kama nitaweza kusimama kesho asubuhi.

Mama ameshahisi. Jana nikiwa naosha vyombo alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Ukienda na mtoto wa mwanangu, ukafia huko mbali na mimi, nitaishije tena?" Nikitoka namvunja yeye, na mume wangu huenda asinisamehe. Nikibaki, hofu yake hii hii ndiyo inaweza kutuzika mimi na mtoto.

Sasa hivi niko kwa jirani, nasikia mama mkwe ananiita kutoka uani kwake, anauliza niko wapi, naye mwanangu anacheza tumboni taratibu kuliko zamani. Ninyi mliowahi kukaa na mtu anayewaua kwa kuogopa kwamba mtakufa, mlitokaje? Na kama hamkutoka, niambieni pia. Nasoma yote kwa simu ya jirani.