Chumba cha Juu cha Mama Zeliha

Ofisi ya wilaya iliwatangazia wananchi wote, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani mwa duka la chai, kwamba joto hupanda lenyewe; kwa hiyo mwenye nyumba ya ghorofa atosheke na jiko moja la kuni, chini, asiumalize msitu.

Rüstem alikuwa raia mtiifu. Huko milimani Kastamonu, theluji ikianguka, familia nzima hula, hulala na kugombana katika chumba chenye jiko. Mlango wa ngazi hufungwa, na kitambaa kilichoviringwa husukumizwa chini yake, baridi isiteremke. Chumba cha juu, chenye zulia bora na godoro la sufu, ni cha mgeni. Na mgeni mkuu wa Rüstem alikuwa mama mkwe wake, Zeliha.

Kila mwaka Nazife, mkewe, alimsihi mama yake akae mpaka theluji iyeyuke. Kila mwaka bibi alikaa siku chache, akawakumbuka kuku wake, akaondoka.

"Kuku gani hao wasiokufa?" Rüstem alimwuliza mkewe. "Sema tu mama yako hanipendi."

Mwaka huu tena, baada ya chai ya asubuhi, bibi akaanza kujifunga mtandio.

"Mama, umelala vizuri?" Rüstem akamwuliza.

"Vizuri mno, mwanangu. Kama mke wa sultani."

"Na joto je?"

"Alhamdulillahi."

Rüstem akamgeukia mkewe. "Umesikia? Joto lipo. Basi ni mimi."

Akapanda kumchukulia furushi lake. Pumzi ikamtoka kama moshi. Zulia bora halikuwa sakafuni; lilikuwa kitandani, juu ya mablanketi, limekunjwa pembe kwa adabu.

Akaketi. Miaka yote hiyo alimweka mwanamke mzee barafuni kwa heshima, kisha akamnunia kwa kukimbia. Uso ulimwaka, ndicho kitu pekee kilichokuwa na moto huko juu.

Akashuka na godoro mgongoni, akalibwaga kando ya jiko. Hakuweza kumtazama.

"Mama, mbona hukusema?"

"Mgeni hasemi, mwanangu."

"Basi usiwe mgeni. Lala hapa na sisi."

"Wewe hukoromi?"

"Anakoroma kama punda," akajibu Nazife.

Bibi akafikiri kidogo, akaufungua mtandio.

Rüstem akakiondoa kile kitambaa, akauacha mlango wa ngazi wazi. Kisha akalishusha birika la kutawadhia la mama mkwe, akaliweka kando ya jiko. Maji yaliyokuwamo yaliyeyuka karibu na adhuhuri.