Mawifi Upande Mmoja wa Wavu

Watu walimwita Fagio, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika mchezo wa badminton alisimama nyuma ya uwanja, na kinyoya chochote kilichovuka wavu kikakimbilia huko, yeye alikwishafika. Alikizoa na kukirudisha kilikotoka. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani imeelekea dirishani, vitambaa vya bluu na kijivu vimerundikana mpaka karibu na dari, na raketi imening'inia kwenye msumari mmoja na tepu ya kupimia. Mteja akiuliza, "Fundi, na hii ya nini?" alijibu bila kuinua macho: "Hiyo ndiyo kazi. Huku kushona napumzika."

Hakuwa mtu wa kujikunyata. Wanaojidharau wapo wengi, alisema, hana haja ya kuwaongezea idadi.

Mtu pekee aliyemweza kwa maneno alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mdogo kwa umri lakini mkubwa kwa mdomo. Huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, amezoea kupigia watu king'ora wampishe, na nyumbani pia alitaka apishwe. Siku Fagio anaingia katika ile nyumba kama bibi harusi, wifi alilizunguka gauni lake mara mbili, akatamka kwamba upindo umekwenda upande. Vita vikaanza hapo. Chumvi ikizidi, maneno. Taa ikisahauliwa inawaka, maneno. Mume, mtu mpole aliyetengeneza redio, alikuwa na dawa moja tu: aliongeza sauti ya redio iliyokuwa mezani.

Mama mkwe ndiye aliyechoka kwanza. Alijua kwamba wote wawili walifundishwa badminton shuleni, kila mmoja kwa wakati wake. Jumapili moja akawatoa uani kama anafukuza kuku. "Mnataka kupigana? Haya, kamba ya nguo ile pale. Mmoja huku, mwingine kule, mpigane na hicho kidude chenu cha manyoya. Angalau mtoke jasho."

Wakapigana. Walipigana Jumapili ile na zilizofuata, mpaka majirani wakawa wanaleta viti. Baadaye wakahamia ukumbi wa manispaa, na huko ndiko kocha, mzee mwembamba aliyekuwa tarishi kabla ya kustaafu, alipowaona. Aliwatazama jioni nzima akitikisa kichwa.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akawaambia. "Nguvu zote hizi mnamalizana nyie kwa nyie? Simameni upande mmoja, mkawamalize watu wengine."

"Upande mmoja na huyu?" wifi akauliza.

"Atanizibia njia," Fagio akasema.

Lakini walisimama. Fagio nyuma, na mkono wake mzito wa kupiga makombora. Wifi mbele, karibu na wavu, macho kama ya mwewe. Wakacheza huku wakigombana, na hakuna aliyeweza kuwafunga. Miaka ikapita, wakashinda nyumbani, wakashinda kwa majirani, wakatoka patupu mara mbili na kurudi tena. Mwishowe zikaja habari kwamba wamefuzu kwenda kwenye michezo mikubwa ya dunia, ile inayokutanisha wakimbiaji, waogeleaji na wanyanyua vyuma wa kila taifa. Fagio alikuwa na miaka thelathini na minane. Mwandishi wa habari alimuuliza kama hakujiona amechelewa.

"Nimechelewa wapi?" akasema. "Nimefika kabla mlango haujafungwa."

Usiku wa kuagana, mume wake akawakalisha wote wawili. Mtu asiyesema kitu siku akisema, husikilizwa. "Mke wangu, dada yangu, nawaombeni. Dunia nzima itawatazama. Kule msigombane. Mtatuaibisha." Wakamwahidi, tena kwa mkono.

Kijiji cha wanamichezo kilikuwa mji kamili, wenye barabara zake na bwalo la chakula kubwa kuliko kituo cha treni. Wakapewa chumba kimoja cha vitanda viwili. Jezi za taifa zilikuwa pana mabegani kama zimekatiwa wabeba mizigo, basi Fagio akatoa sindano na uzi kwenye begi lake, akaketi kitandani na kuzipunguza zote, ya wifi akaianza kwanza. Wifi akajaribu yake, akajigeuza mbele ya kioo.

"Asante sana, wifi. Imenikaa vizuri."

Fagio akashtuka. Kusifiwa na wifi! Akajibu kwa adabu, "Karibu, wifi." Wakalala kama wageni waliokutana hospitalini.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya wasichana wawili waliokuwa wakitajwa kwa medali. Ukumbi ulikuwa na giza upande wa watazamaji, taa zote zimeelekezwa kwenye nyanja, na upepo wa viyoyozi ulikisukuma kinyoya kidogo kikiwa juu. Hayo yote Fagio aliyasoma mapema, wala hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni adabu. Kinyoya kilikuja katikati, yeye akamwachia wifi, wifi akamwachia yeye, kikaanguka sakafuni kati yao.

"Samahani, wifi."

"Hapana, wifi, kosa langu."

Kikaja tena, kikaanguka tena. Wakafungwa seti mbili mfululizo, na seti zenyewe ziliisha upesi kuliko wimbo wa taifa.

Walipotoka uwanjani kocha hakuwagombeza. Aliwapa taulo na kutazama pembeni. Fagio ndiye aliyesema, ameketi kwenye benchi na viatu mkononi.

"Tumecheza kama watu walio msibani."

"Tumemwahidi kaka," wifi akasema.

"Tumemwahidi tusigombane. Sasa niambie, wewe ukinyamaza mimi nitajuaje uko wapi? Miaka yote hii mimi sikutazami. Nakusikia. Sauti yako ikiwa kali najua umesogea kushoto. Ukinung'unika, najua umeinama. Leo umenyamaza, nimecheza kipofu."

Wifi akafikiri. Taratibu uso wake ukarudi kuwa uso wa nyumbani. "Na mimi nikashangaa," akasema, "mbona leo unapiga kama unapepea moto."

"Ehee! Hapo sasa!" Fagio akapiga makofi. "Kaka yako tutamwomba radhi tukirudi."

Mechi ya pili waliingia na midomo yao. "Chako hicho!" "Nakiona, sina chongo!" "Rudi nyuma, unanifunika!" "Kua basi!" Mwamuzi, mama wa makamo aliyekaa juu ya kiti chake kirefu, hakuelewa neno hata moja lakini sauti alizielewa. Akasimamisha mchezo, akawaita kwa kidole, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo.

Fagio alikuwa na Kiingereza cha kutosha kushonea sare tu. Akamwonyesha wifi kwa raketi na kusema kwamba hakuna tatizo, huyu ni dada wa mume wake.

Mwamuzi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauma mdomo kuzuia kicheko, akaashiria waendelee. Inaonekana mambo hayo yapo kila mahali. Wakashinda kwa seti mbili, na Fagio alitoka akitembea katikati ya njia, si pembeni.

Ikabaki mechi moja. Wakishinda, wataingia robo fainali, mahali ambapo hakuna aliyetoka kwao aliyewahi kufika katika mchezo huo. Wapinzani walikuwa wanawake wawili wa nchi jirani, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu jirani hao walizungumza lugha ile ile kana kwamba wamekulia nyumba ya pili.

Katika seti ya kwanza wifi alipiga kelele, "Mpe wa kushoto, mguu wake mzito!" Fagio akampa wa kushoto. Wa kushoto alikwishafika, akakirudisha kwa kishindo, akasema, "Mguu mzima, dada, asante kwa kuuliza."

Kila walichopanga, wenzao walikisikia. Wakipanga kurusha mbali, jirani wamerudi nyuma. Wakipanga kudondosha karibu, jirani wako kwenye wavu wanasubiri. Seti ikaenda kwa jirani. Kwenye mapumziko kocha akawapa maji.

"Basi nyamazeni," akasema. "Chezeni kimya."

"Tukinyamaza tunakufa," Fagio akajibu. "Tumeshawahi kufa hivyo, umetuona." Alikunywa maji taratibu, akijifuta shingo. Kichwani mwake alikuwa ameshatulia, kama anavyotulia mtu aliyeshika mkasi na kitambaa kikiwa mbele yake. Wenzao wanasikia maneno, aliwaza. Sisi hatujawahi kuhitaji maneno. Tunahitaji sauti.

Wakarudi uwanjani. Kabla kinyoya hakijaanzishwa akaita, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma: "Wifi! Hivi ile pasi yangu aliiunguza nani?"

Wifi akageuka kama amechomwa sindano. "Nani? Unaniuliza mimi? Pasi umeiacha mwenyewe inawaka, ukaenda kujitazama kwenye kioo!"

"Kioo kipi? Kile ulichokivunja?"

Na kinyoya kikaanza kuruka. Wifi alilia habari za kioo akiwa kushoto, na Fagio akajua kulia kuna pengo na kwamba ni lake. Akazungumzia sufuria, wifi akajua kombora linakuja, akajikunja. Walifukua yote: ndoo iliyopotea, kanga iliyochujuka, nani alikula nyama iliyobaki. Jirani walisikia kila neno na hakuna neno hata moja lililowafaa. Mmoja wao alicheka mpaka akaanzisha kinyoya kikagonga wavu.

"Jamani," akalalamika, "hii si haki, mnatuchekesha!"

"Chekeni tu," Fagio akasema. "Sisi hatuchekeshwi nayo."

Seti ya pili wakaichukua. Ya tatu ilikuwa ngumu kama kamba iliyolowa. Jirani waliacha kucheka, wakauma meno, wakalingana mpaka ishirini kwa ishirini. Fagio alihisi mapaja yakiwaka na pumzi ikikwaruza kooni, lakini hofu alipoitafuta hakuiona. Aliona uwanja tu, mistari yake myeupe, na kisogo cha wifi mbele yake. Wakapata pointi moja. Ikabaki moja.

Wifi akaanzisha, kinyoya kikapita unywele mmoja juu ya wavu. Jirani wakakinyanyua juu, juu kabisa, kikapotea kwenye mwanga wa taa. Fagio akarudi nyuma akikitafuta.

"Na mlango wa choo!" wifi akapaza sauti. "Nani haufungi mlango wa choo?"

Sauti ilitoka chini na kushoto. Ameinama, basi. Katikati kuko wazi. Fagio akaruka na kupiga kwa nguvu zake zote za miaka yote ile, na kinyoya kikapita pale kilipokuwa kichwa cha wifi muda mfupi tu uliopita, kikagonga sakafu kati ya jirani wawili, nao wakabaki wanatazamana.

Wifi alimrukia, wakaanguka wote. Walipokwenda kupeana mikono kwenye wavu, yule wa mguu mzima akauliza, "Sasa dada zangu, pasi aliunguza nani?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

Jioni mume alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kushangilia, naye si mtu wa kushangilia. "Vipaza sauti vimenasa kila kitu," akasema. "Mtaa mzima unajua habari za choo chetu."

"Tusamehe, mume wangu."

"Nisamehe nini? Fundi viatu amekuja kunipa hongera, na mwalimu mkuu pia. Subiri, mama anataka simu."

Mama mkwe hakusalimu. "Hiyo pasi," akasema, "niliiunguza mimi. Acheni kusingiziana." Akakata.

Robo fainali iliwakutanisha na wanawake wawili warefu waliocheza pamoja tangu utoto, na ambao baadaye walivishwa medali ya fedha. Fagio na wifi walipoteza seti ya kwanza. Ya pili wakaipokonya, na ukumbi mzima, watu wasiowajua kwa jina wala kwa bendera, wakasimama. Katika seti ya tatu walifungwa kwa pointi tatu. Hawakufungwa kwa kosa. Walifungwa na watu waliokuwa bora kwa pointi tatu.

Chumbani kwa kubadilishia nguo wifi alifunika uso kwa taulo na kulia. Fagio hakulia. Alikuwa na uchungu, ulikuwa pale kifuani, mzito, lakini haukumwinamisha. Alikaa kando yake, bega kwa bega, akafungua kamba za viatu vyake, kisha akainama na kumfungulia mwenzake vyake.

"Yule mrefu zaidi," akasema, "umemwona? Ukimrushia kwenye nyonga ya kulia hukosa pa kuupeleka mkono."

Wifi akatoa uso kwenye taulo. "Nimemwona. Kwa nini hukusema mapema?"

"Nimemwona mwishoni. Wakati ujao nitasema mwanzoni."

"Wakati ujao ni baada ya miaka minne. Utakuwa na arobaini na mbili."

"Na wewe utakuwa umeanza kuzeeka," Fagio akasema. "Usijali, nitakubeba."

Wifi akampiga na lile taulo lenye machozi. Nje kocha alikuwa anagonga mlango, anauliza kama wako salama, maana amesikia kelele.