Mjukuu Wangu Alipokuwa Neptuni

Ukungu wa kwetu haushuki, unapanda. Wageni wanadhani unatoka juu kama mvua, lakini sisi tunaokaa huku juu kwenye milima ya Mbulu, upande wa Daudi, tunauona ukianzia bondeni, mweupe, unajaa taratibu kama maziwa yanayotaka kumwagika kwenye sufuria. Ukigeuka kuokota ukuni, umeshafika mlangoni. Mimi nauogopa tangu nikiwa binti. Mbuzi wetu wawili walitumbukia korongoni kwa sababu yake, na baba akanichapa mimi, wakati mimi ndiye niliyekuwa nawalilia kuliko yeye. Lakini hiyo ni habari nyingine, nisianze kupotea mapema.

Ninachotaka kueleza ni asubuhi ile nilipokuta dawa ya mjukuu wangu imelala juu ya kitanda, na mwenyewe yuko shuleni.

Mjukuu wangu ana pumu. Mama yake ni binti yangu wa mwisho, anafanya kazi Arusha, na aliniletea mtoto akiwa hajui hata kufunga viatu. Tulipompeleka hospitali ya Haydom, daktari alituambia baridi na moshi ndivyo vitu vya kumkinga navyo. Nikamwuliza, sasa daktari, kwetu ni baridi na tunapikia kuni, nimpeleke wapi? Akacheka kidogo, akatupa kile kidude cha bluu cha kuvutia dawa. Inhela, ndivyo wanavyoiita. Akasema isiwe mbali naye hata kwenda chooni.

Basi mimi nikatazama kitanda, nikatazama nje. Ukungu ulikuwa umeshameza shamba la vitunguu saumu na sasa ulikuwa unakula banda la ng'ombe. Nikajifunga shuka, nikachukua fimbo, nikatoka bila kufunga mlango.

Getini shuleni kitu cha kwanza nilichokiona ni ungo wangu umetundikwa kwenye nguzo. Siku mbili kabla mtoto alikuwa ameniomba ungo huo, na njegere mbili, na punje ya ulezi, na ya mtama, kiazi kimoja, kitunguu maji, na vitunguu saumu viwili vile vidogo visivyouzika. Nilimwuliza hiyo ni mboga gani mnapika. Akasema, bibi, hizi ni sayari. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, tena kwa kukatakata, na baadaye nikamalizia kwenye elimu ya watu wazima, ambako tulifundishwa kusoma na kilimo cha matuta. Sayari hazikufika.

Mwalimu alikuwa kijana aliyeletwa kutoka nchi ya joto, bado anavaa makoti mawili. Alikuwa anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo imesimama. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamwuliza mtoto yuko wapi. Ndipo akanieleza. Ungo ni jua. Watoto wanane ni sayari nane, kila mmoja ameshika punje yake, wamesimama kwa mstari kwenye njia ya ng'ombe inayofuata mgongo wa kilima. Umbali alikuwa ameupima mwenyewe kwa hatua siku iliyopita, akachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu. Alitaka waone kwa macho yao jinsi huko juu palivyo patupu. Aliwatuma jua likiwaka. Aliwaambia kila mmoja asimame kwenye kijiti chake na asiondoke mpaka asikie filimbi.

"Wangu ni nani?" nikamwuliza.

"Neptuni, bibi."

"Ndiyo ipi hiyo?"

Hakunitazama. "Ya mwisho."

Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Mbulu kwenye kikao, na darasa zima la wadogo lilikuwa limemzunguka huyu kijana linatetemeka. Akasema awafungie ndani kwanza kisha anifuate. Mimi sikusubiri.

Wa kwanza nilimkuta karibu kabisa, msichana mdogo ameshika punje ya ulezi kwenye kucha. Nikataka kumpita, lakini mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba mzazi yeyote akipita wamweleze, na watoto wa kwetu wakiambiwa jambo wanalifanya hata nyumba ikiungua.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Zebaki. Mchana naungua, usiku naganda, kwa sababu sina hewa ya kunifunika."

"Marahaba. Nenda kwa mwalimu, shika ua huu wa minyaa kwa mkono wa kulia usiuachie."

Wa pili alikuwa Zuhura. Akasema siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake, na kwamba anajizungusha kinyume na wenzake, na amefunikwa na mawingu siku zote na chini ya hayo mawingu kuna joto kuliko ndani ya tanuri. Nikamwambia hilo joto angetuazima kidogo. Wa tatu ni mtoto wa jirani yangu, mtundu tangu kuzaliwa. Alisema, "Mimi ni Dunia, bibi, hapa ndipo unapokaa," akacheka, na mimi nikatamani kumfinya. Nikamsukuma arudi. Mirihi akaniambia kwake udongo ni mwekundu kwa kutu na kuna mlima ambao hata ungepanga milima sita kama Hanang, mmoja juu ya mwingine, usingefikia kilele chake. Wote hao wanne walikuwa karibu karibu, kama nyumba za ndugu. Nikaanza kupata moyo. Nikajisemea, kumbe hawako mbali, huyu mwalimu ananitisha bure.

Baada ya Mirihi nikatembea. Nikatembea tena. Hakuna mtu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikuwa naona fimbo yangu lakini sioni ardhi inapogusa. Nikaita jina la mjukuu wangu, sauti ikarudi karibu na mdomo kama nimeongea ndani ya gunia. Filimbi ya mwalimu haikusikika tena. Hapo ndipo nilipoelewa alichotaka watoto waone, na sikukipenda. Miaka yote nilikuwa naziona zile zinazong'aa jioni nikidhani zinakaa pamoja, kama ng'ombe kwenye zizi. Sasa nimo katikati yao na hakuna kitu, ni weupe tu, na mtoto mwenye kifua kibovu yuko mwisho wake.

Mshtarii alikuwa mvulana mkubwa, yule anayewapiga wenzake kisimani. Alikuwa analia bila sauti, kiazi kimeloa jasho mkononi. Akasema huku anavuta kamasi kwamba yeye ni mkubwa kuliko sayari zote, wengine wote wangeenea tumboni mwake, na kwamba ana dhoruba moja pana kuliko dunia ambayo imevuma tangu mababu hawajazaliwa. "Na sina ardhi, bibi. Ukinikanyaga unazama tu." Nikamfuta uso kwa shuka. Nikamwuliza kama mjukuu wangu alikohoa alipopita. Akasema alikuwa anakohoa kidogo. Nikamwelekeza kwenye minyaa, nikaenda mbio, kama bibi wa umri wangu anaweza kuitwa anakwenda mbio.

Mwalimu alinifikia nikiwa kwa Zohali, ambaye alikuwa ameshika kitunguu chenye duara la karatasi na meno yanagongana. Mtoto akaniambia hilo duara ni barafu na mawe, na kwamba yeye ni mwepesi, angepatikana ziwa la kumtosha angeelea. Mwalimu akamwambia arudi akifuata minyaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kanisani, kwamba kutoka hapo mpaka Uranusi ni sawa na njia yote tuliyotoka nayo kwenye ungo, na kutoka Uranusi mpaka Neptuni ni karibu vilevile tena.

"Na wewe ulimtuma huko mtoto wa pumu," nikamwambia.

"Aliomba mwenyewe, bibi. Na ndiye ninayemwamini kwa kutii."

Nikaendelea mbele. Nilikuwa nimebana ile inhela kifuani chini ya shuka ili isipate baridi, sijui hata kama baridi inaidhuru.

Kijiti cha Uranusi tulikiona kando ya birika la ng'ombe, kitambaa chekundu kimelowa. Mtoto hayupo. Mwalimu akashika kichwa. Tukaita wote wawili, na jibu likatoka upande wa kushoto, chini, ndani ya shamba la maharage, mbali na njia. Alikuwa mvulana mwembamba mwenye sweta la dada yake. Mwalimu akamwuliza kwa ukali kwa nini ameondoka kwenye kijiti.

Mtoto akaeleza. Alisema mwenzake alipita, akaendelea na njia, halafu baada ya muda akamsikia anaita kwamba haoni kijiti. Halafu anakohoa. Lakini kukohoa hakukutoka mbele ya njia, kulitoka huku kushoto. Kila alipokohoa, huyu naye alisogea kidogo upande huo ili ajue kuna mtu. Hakutaka kuvunja amri, alisogea tu.

"Sasa yuko wapi?" nikamwuliza.

Akanyoosha mkono kule chini. "Kule. Lakini ameacha kukohoa, bibi."

Nimezaa watoto saba na kuzika wawili, na sijawahi kusikia sentensi kama hiyo. Kule alikoonyesha ni korongoni, lile lile lililokula mbuzi wa baba.

Mwalimu akataka kukimbia. Nikamshika koti. "Pita nyuma yangu, mwanangu. Hapa baada ya mvua ukingo unaning'inia, unaona majani kumbe chini hakuna kitu." Nikamwambia yule mvulana akae alipo na aendelee kuimba wimbo wowote, ili tujue pa kurudia. Akaimba wimbo wa kwaya ya watoto, vibaya sana. Nikashuka nikigonga ardhi kwa fimbo, hatua kwa hatua, mwalimu ameshika ncha ya shuka langu kama mtoto anayeanza shule. Nilikuwa nasali, lakini maneno yalikuwa yanakatika, nasema Baba yetu, Baba yetu, siendelei.

Nikaona kitu chekundu.

Kilikuwa kitambaa cha kijiti, na kijiti kimelala kwenye majani. Pembeni yake amechuchumaa mjukuu wangu, magoti kidevuni, mabega yanapanda na kushuka kama ya ndege aliyejigonga dirishani. Nyuma yake, karibu kama upana wa kitanda, ardhi ilikuwa imekwisha. Mkono wake umefumba kitunguu saumu. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuisema. Nilimshika sweta kwanza, kwa nguvu, kisha nikamwekea dawa mdomoni, nikabonyeza, nikamwambia avute. Akavuta kidogo. Tukangoja, tukarudia. Kikaingia kitu. Nikasikia ule mluzi wa kifuani, na siku hiyo ulikuwa mtamu kuusikia, kwa sababu mluzi maana yake hewa inapita.

Nikamwambia twende. Akatikisa kichwa. Alitaka kusema jambo na pumzi haikutosha, ikabidi alikate vipande.

"Filimbi... bado."

Mwalimu akatoa filimbi. Mara ya kwanza haikulia, ilitoa hewa tupu. Mara ya pili ikalia. Ndipo mtoto akasimama.

Tukaufuata ule wimbo, tukamtuma mwimbaji arudi shuleni akishika minyaa, na mwalimu akambeba wangu mgongoni mpaka barabarani, akatafuta bodaboda. Tulipanda wote watatu nyuma ya dereva, kitu ambacho si halali, mtoto katikati. Na mwalimu, nadhani kwa hofu tu, akaanza kuongea na hakunyamaza. Akaniambia kwamba Neptuni ya kweli iligunduliwa hivyohivyo: watu waliona Uranusi haifuati njia yake sawasawa, kama inavutwa na kitu, wakapiga hesabu, wakatazama upande huo, wakaikuta. Akaniambia huko upepo ni mkali kuliko sayari zote, na mwaka wake mmoja ni mrefu hivi kwamba mtu akizaliwa huko atazeeka na kufa kabla hajatimiza mwaka. Nikamwambia, mwalimu, nakuomba unyamaze.

Zahanati walimvalisha barakoa yenye moshi wa dawa. Mchana akaanza kuomba chai.

Mwenye shamba lile la maharage alikuja hapohapo zahanati na chupa ya maziwa, kofia mkononi. Jioni ya jana yake alikuta kijiti chenye kitambaa chekundu kimechomekwa shambani kwake, akajua ni watu wa ardhi wamekuja kumkata kipande. Akaking'oa, akakitupa kuelekea korongoni. Mtoto alifika mwisho wa njia, pale inapopinda na kurudi juu ya korongo, akatafuta kijiti, akaona chekundu kule chini kabla ukungu haujafunga, akakifuata. Mzee wa watu alieleza huku anatazama sakafu. Sikuweza kumkasirikia. Kwetu huku, kijiti kama hicho ningekiona shambani kwangu, nisingekitupa tu, ningekichoma moto.

Iliyobaki ilikuwa simu ya Arusha, na nikuambie ukweli, niliiogopa kuliko korongo. Nesi alinishauri nisimwambie, mtoto si amepona. Lakini huyu ni mwanaye. Alinipa nimtunzie. Nikapiga. Nikaeleza yote, ungo, ukungu, dawa iliyosahaulika kitandani, nikangoja anitukane.  Nilisikia magari ya huko kwake yanapita, mengi.

"Anapumuaje sasa, mama?" akauliza mwishoni.

 Nikafungua kifungo cha sweta la mtoto, nikaweka simu kwenye kifua chake, nikaishikilia hapo mpaka salio likaisha.