Mkaguzi Si Mgeni wa Harusi

Nakumbuka, mwanangu, mkono wa mkaguzi ulivyotua juu ya mashine ya kukamua alizeti, ukaipapasa kama ng'ombe wa mnadani. Akanigeukia mimi, msichana niliyesukumwa mbele kutoa maelezo, akaniuliza kwa upole, "Dada, mashine hii niliikagua jana kule kijiji cha Ruanda. Imenisindikiza?"



Ngoja nirudi nyuma. Kikundi chetu cha kijiji cha Nanyala, wengi wetu wanawake, kilipata ruzuku ya serikali, tukanunua mashine. Ruzuku ya pili, ya kujenga banda, ingetoka tukishakaguliwa. Sasa, kwetu Mbozi ugeni ukija watu huazima: viti kwa jirani, sufuria kwa shangazi, hata jogoo, na hakuna anayeona haya. Basi habari za ukaguzi zilipofika, mwenyekiti wetu Fanueli akasema mashine yetu iko kwa fundi Tunduma, tuazime ya wenzetu wa Ruanda. Mama Tusa, mkubwa wetu kwa umri, akauliza ni fundi gani huyo asiye na jina. Fanueli akamjibu, "Mama, mgeni haonyeshwi chungu kilichotoboka."

Tukacheka sote, tukaifuata kwa trekta alfajiri, huku tunaimba.

Mkaguzi hata kuku tuliyemchinjia hakumgusa. Mama Tusa ndiye aliyemwambia wazi kwamba ya kwetu hatujui iliko. Yule mama mkaguzi akacheka hadi akavua miwani, kisha akaandika alichokiona. Banda tukalikosa. Na fundi hakuwepo: mashine ilikuwa inakamua kwa shemeji yake Fanueli huko Tunduma, na tulipofika ilishavushwa mpaka hadi Nakonde, Zambia.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ukisikia ukaguzi unakuja, usianze na kuku. Waite wenzako wote wakaione mali kwa macho yao, mhakikishe karatasi za manunuzi zipo, na kilichoharibika mseme kimeharibika. Mkaguzi hakuja kusifia nyumba, kaja kuona kilichomo.

Mungu aibariki mikono yenu, biashara zenu zisimame mchana kweupe. Na wewe Fanueli, unayekalia benchi la mbele kanisani kila Jumapili: wanawake wa Nanyala bado tupo. Simama utujibu mbele ya watu, mashine yetu ulimuuzia nani?