Matanga ya Pili ya Félicien Amisi

Félicien Amisi wa Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto, ana kaburi lake mwenyewe, na kila mwezi wa kumi na moja huenda kulifyeka. Huchukua panga na chupa ya maji, akang'oa majani, akaunyoosha msalaba wenye jina lake, kisha akarudi nyumbani kula. Ukimwuliza anafanya nini pale, atakujibu bila kucheka kwamba aliyelala mle hana ndugu mwingine anayejulikana, sasa asipomfyekea yeye, nani atamfyekea?

Mambo hayo ni ya vita. Mwaka wa tisini na tisa Félicien, wakati huo kijana fundi wa redio, alitoka Kindu kwa miguu kwenda Kalima kutafuta chumvi, kwa sababu mama yake, Mama Asumini, alikuwa amechoka kula sombe la majani ya muhogo lisilo na ladha. Alipofika, barabara ikafungwa nyuma yake. Njaa ilipombana akaliuza shati lake la kijani kwa mchimbaji mmoja wa madini, akapewa mahindi, na kwa haraka ya tumbo akasahau kitambulisho chake mfukoni. Miezi miwili baadaye watu wa mitumbwi wakaopoa maiti mtoni. Uso haukutambulika tena, lakini shati lilitambulika, na kitambulisho kilisomeka vizuri sana. Ukoo ukaweka matanga, ukalia, ukazika.

Félicien alirudi mwaka wa 2003, amekonda lakini mzima, akatimua nusu ya mtaa mbio. Mama Asumini alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla. "Alikufa akikutaja jina," wakamwambia, na hakuna aliyeongeza neno. Félicien aliyabeba maneno hayo tangu siku hiyo. Kwa hesabu yake, mama alikufa kwa majonzi, na majonzi yalitokana na shati, na shati aliliuza yeye kwa mahindi ambayo hata hayakuiva vizuri.

Sasa tuje kwenye mashine yake. Gérard, mpiga picha aliyekuwa akirekodi harusi na matanga yote ya Alunguli, alipohamia Kisangani alimwachia Félicien makasha manne ya kanda za video. Félicien akazihamishia moja moja kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko, akaiunganisha na betri ya lori na paneli ya jua, akasimamisha antena juu ya mti wa mwanzi. Hiyo ndiyo seva yake. Jirani yeyote mwenye simu huingia bure, bila intaneti, na kutazama. Katika kanda zile ilikuwamo moja iliyoandikwa kwa mkono wa Gérard: "Matanga ya Félicien Amisi". Aliihamisha huku ameigeuzia skrini mgongo. Mama yake hakuacha picha hata moja. Sura yake ilikuwa mle tu, inalia, na Félicien hakuwa na ujasiri wa kwenda kuitazama ikilia kwa ajili yake. Miaka ikapita, faili liko chini kabisa ya orodha, halijafunguliwa.

Mwaka jana mnara wa simu ukaharibika, na Alunguli ikakaa siku tisa bila intaneti wala simu ya kupiga. Siku ya kwanza watu walirusha simu zao hewani kutafuta mtandao. Siku ya tatu wote walikuwa kwenye seva ya Félicien. Ungewasikia! Wanaume walishangilia mechi ya zamani wakabishana juu ya refa aliyekwisha kustaafu. Mama Odette, jirani wa ng'ambo ya njia, alitazama harusi ya mwaka 2006 sehemu kwa sehemu, akamchukia shangazi wa bwana harusi, na alipokutana naye sokoni akakataa kumwamkia. Yule bibi hakujua kosa lake, na mpaka leo hajui.

Siku ya sita, kwa kuwa diski moja ilianza kulia kama nyenje, Félicien akahamisha mafaili yake kwenye diski mpya, akapanda pikipiki kwenda Kailo kutengeneza redio ya parokia. Hakufikiria jambo moja dogo: mashine ile, kitu chochote ukikihamisha leo, inakihesabu kuwa cha leo. Haiulizi mwaka. Asubuhi ile kila aliyefungua simu aliona juu kabisa, chini ya neno "Mpya", picha ya msalaba na maandishi: Matanga ya Félicien Amisi.

Mama Odette hakungoja kufungua. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe, na yowe la Mama Odette halihitaji mnara. Kumpigia Félicien simu ili kuhakikisha, haiwezekani. Watu wa pikipiki wakaipeleka habari mpaka kivukoni, ikavuka mto. Kufika saa nane mchana viti vilikuwa vimepangwa, kuni zimeletwa, moto wa matanga umewashwa katikati ya kiwanja. Germaine, mkewe Félicien, alirudi kutoka shambani akakuta wanawake wamekwisha kumtandikia mkeka wa mjane. Alianguka pale pale.

Kwetu mtu hafiki kwenye kilio akaanza kuuliza nani amekufa. Unaingia unalia, maswali baadaye. Ndiyo maana Félicien, aliporudi saa tisa na nusu akaona viti na moshi nyumbani kwake, hakuuliza kitu. Aliona tu kwamba ni kwake, na kwake hakuna mwingine ila Germaine. Akaitupa kofia, akaingia akijigaragaza.

"Germaine wangu! Umeniachia nani?"

Wanaume wawili wakamwinua kwa heshima, kama ilivyo desturi, wakampangusa vumbi. Ndipo mmoja akamtazama vizuri, akamwachilia kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Germaine akatoka ndani na kitambaa cha mjane kichwani. Wakatazamana.

"Weye iko muzima?"

"Na weye iko muzima?"

Wakakumbatiana, wakalia upya, mara hii kwa furaha, na waombolezaji waliokuwa mbali, wasioona vizuri, wakazidisha kilio.

Usidhani watu walifurahi moja kwa moja. Nestor, katekista, alikuwa ameandika hotuba ya kurasa tatu.

"Félicien, hii njo mara ya pili unatufanyia," alisema, anakunja karatasi. "Ya pili! Mutu anatoka na kuni kwake, anaacha kazi, anakuja kulia, kisha weye unafika na pikipiki!"

"Miye sikumuita mutu."

"Mashine yako njo ilituita."

Likabaki suala la moto. Moto wa matanga ukishawashwa haumwagiwi maji tu kama moto wa maharage. Sharti wazee wa ukoo wauzime kwa neno, na neno lenyewe humtaja marehemu. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa maji. Mjomba Yusufu, mdogo wake Mama Asumini, mzee wa miaka themanini na mbili, alisema hajawahi kusikia shauri kama hilo.

"Tuangalie kwanza hiyo filme," akasema Nestor. "Tuone tulizima namna gani mara ya kwanza."

Félicien alitaka kukataa. Lakini tayari televisheni ilikuwa imetolewa nje na kuunganishwa, na viti vyote vimegeuzwa kuielekea. Germaine akamshika mkono.

Picha ilitetemeka, ikatulia. Kiwanja ni hiki hiki. Wanawake wanalia, jeneza la mbao za kreti liko chini. Na kando yake amekaa Mama Asumini, mguu umekunjwa, kanga ya manjano, macho makavu. Halii. Mwanamke mmoja anamsukuma bega ili alie. Anautoa ule mkono.

"Shati njo yake," sauti yake ikatoka kwenye televisheni. "Nilishona miye. Lakini muguu ya mutoto wangu naijua, na hii si yake. Huyu iko na mama yake pahali. Mumulilie, ni vizuri. Lakini musimulilie na jina ya Félicien. Félicien atarudi." Mtu akamnong'oneza kitu, akageuka kwa hasira kuitazama kamera. "Na kama akirudi miye sipo, mumuambie sikumulilia. Hata siku moja."

Félicien akamgeukia mzee Yusufu.

"Mujomba, mbona hamukuniambia?"

Yusufu alikuwa anatazama mchanga.

"Tuliona haya, mwanangu. Mama kukosa kulilia mutoto wake, kiwanja yote inaona! Tukasema, huyu kijana akijua, ataumia, ataona mama yake hakumupenda. Tukakuficha." Akajifuta pua kwa kiganja. "Kila asubuhi alikuwa anakuwekea sahani yako. Mupaka siku ile alikufa."

Mnara ulirudi kazini siku tatu baadaye, na moto wa Alunguli ulikuwa bado unawaka. Wazee walikubaliana kwamba sasa una mwenyewe: Mama Asumini, ambaye mwanawe hakuwapo alipozikwa. Nestor alifuta jina kwenye kurasa zake tatu akaandika jingine juu yake. Félicien aliketi kwenye mkeka wa wafiwa, amevua viatu, akamlilia mama yake aliyekataa kumlilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.