Fundi Aliyelaumu Mikono ya Mzee

Saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa kulenga shabaha nje kidogo ya Pugu, Atuganile Mwakyusa anaitazama karatasi aliyoipiga. Matundu si ya mviringo. Ni marefu, kana kwamba risasi zimeingia kiubavu.

"Mzee hakuwa na kosa," anasema. "Kosa ni la mtutu wangu."

Atuganile ni fundi bunduki mwenye kibali, karakana yake iko Keko. Mwaka jana aliifungia mtutu mpya bunduki ya kampuni moja ya uwindaji. Marijani Kondo, mwindaji wao wa siku nyingi, akarudi kutoka porini akilalamika kwamba haipigi anapolenga. Nyati alikuwa amejeruhiwa akatoroka.

Meneja alipomuuliza fundi, alijibu mbele ya wafanyakazi: "Bunduki ni nzima. Labda mikono ya mzee imechoka."

Marijani akaachishwa kazi.

Juzi mwindaji aliyechukua nafasi yake aliirudisha bunduki na malalamiko yaleyale. Ndipo Atuganile akaamua kuijaribu mwenyewe.

Mifereji iliyo ndani ya mtutu huizungusha risasi ili iende pua mbele bila kuyumba. Risasi ikiwa ndefu, huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Kampuni ilikuwa imehamia risasi za shaba tupu, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi yaliyotumika awali, risasi yenye uzito uleule huwa ndefu zaidi.

"Mie nilikadiria kwa uzito, urefu sikupima," anasema. "Nikachagua mtutu unaozungusha mara moja kila inchi kumi na nne. Ilitakiwa inchi kumi."

Mchana anakwenda Mbagala, nyumbani kwa Marijani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakai. Anaeleza akiwa amesimama, macho chini. Marijani anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwita mkewe, Bi Tabu, kutoka uani.

"Hebu rudia, naye asikie," anamwambia mgeni. "Huyu siku hizi hunitilia chai nusu kikombe, anaogopa nitajimwagia."

Atuganile anarudia. Bi Tabu anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mara ya pili ndiyo iliyonimaliza," Atuganile anasema njiani. "Natamani angenigombeza."

Meneja naye ameshaambiwa ukweli, lakini nafasi haipo tena. Atuganile anafunga mtutu mwingine, na amemwomba Marijani aje aujaribu yeye, wafanyakazi wote wakiwapo.

"Amesema atafikiria," anasema. "Nitamngoja. Siwezi kumharakisha mtu niliyemvunjia heshima."