Aliyegonga Boneti

Kuseti taimingi, yaani kupanga plagi zichome kwa wakati wake, ni kazi ya watu wawili, hasa gari likiwa zee kama pikapu ya marehemu baba. Mmoja huinamia injini akizungusha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme, kidogo kidogo, mwingine hukaa kwenye usukani akikanyaga mafuta. Boneti ikiwa juu, nyuso hazionani. Kwa hiyo baba na mama walikuwa na lugha yao. Baba akigonga boneti mara moja, mama anakanyaga. Akigonga mara mbili, anaachilia. Majirani zetu wa Buruburu walizoea kelele hizo.

Tulimzika baba kwao magharibi, mama akarudi kukaa peke yake kwenye nyumba ile. Mara mbili tatu nilimkuta jikoni akizungumza na mtu asiyekuwepo, nikaingiwa na hofu. Nilitaka ahamie kwangu Kayole. Alinizungusha wiki nzima, mwisho akanipa sharti.

"Pikapu ikinguruma vizuri, nitaiuza nije kwako. Ikiwa mbovu siuzi. Baba yako hakuwahi kumuuzia mtu ugonjwa."

Mimi ni mbishi, na ufundi nilifunzwa na baba mwenyewe. Nikamwambia ajiandae kufunga mizigo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, baridi ya Julai, gari likiwa chini ya paa la mabati kando ya geti. Nilibadilisha plagi, nikabana waya wa taa ya taimingi, mama akawasha. Taa hiyo hupiga mwanga kila plagi ya kwanza inapochoma, hivyo puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, huonekana imesimama tuli ingawa inazunguka kwa kasi. Nimeitumia miaka mingi na bado hunitisha kidogo. Kitu kinakimbia, nawe unakiona kimelala.

Nilikuwa na taa mkono mmoja, distribyuta mkono wa pili. Boneti ikagongwa mara moja. Injini ikapanda mlio.

"Mama, mbona umekanyaga?"

"Si umegonga?"

Nikajiambia ni mabati ya paa, upepo umeyachezea. Nikazungusha distribyuta zaidi kutafuta alama ya kwenye puli, nikapitiliza, injini ikaanza kukohoa. Nikairudisha polepole mpaka kikohozi kikaisha. Hapo boneti ikagongwa mara mbili, juu kabisa ya kichwa changu. Niliiona ikitetemeka, na vumbi likaniangukia shingoni. Mama akaachilia mafuta. Injini ikatulia, ikanguruma kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu baba augue.

 Nilikaza bolti ya distribyuta, nikageuka nyuma, hakukuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa.

"Ni mimi niliyegonga, mama," nikapaza sauti. Sijui nilikuwa namdanganya yeye au nafsi yangu.

Mama akazima gari, akashuka, akajifunga leso vizuri. Hakuwa na woga hata chembe.

"Mikono yako nilikuwa naiona hapo chini ya boneti," akasema. "Yote miwili ilikuwa na kazi."

Nikachomoa waya wa taa.

"Imekaa sawa, mwanangu," mama akaendelea. "Asante. Lakini siuzi, na Kayole siji. Nikienda, nani atamkanyagia mafuta?"

Siku nyingine yoyote ningembishia mpaka jua lizame. Lakini mimi pia nilikuwa nimesikia, na sikuthubutu kumwambia mama yangu kwamba amebaki peke yake.